Upande wa Jikoni

Kajiado,
3 Septemba 2025

Kwa Bi. Mbeke Kyule,
Namanga.

Bi. Mbeke,

Nimeipokea barua yako ya tarehe 28 Agosti kwa mkono wa binti yangu Nyawira, aliyeichukua katika ofisi ya vifurushi hapa mjini. Nakushukuru kwa kukubali kuandika. Nyawira ananiambia kwamba siku hizi watu huuziana nyumba kwa ujumbe wa simu, pamoja na vikatuni vinavyocheka. Mimi nilifundisha kwa miaka thelathini na minne, na sijapata kuona ahadi iliyoshikiliwa na kikatuni.

Sasa nakujibu. Umeiona nyumba yangu ya Kitengela mara mbili. Uliipenda. Ulisema kwamba sebule ina hewa, na kwamba mama yako, ambaye nyonga yake imechoka, hatapanda ngazi hata moja. Tulikubaliana bila kelele. Kisha, baada ya hayo yote, unaniandikia kwamba hutatia saini mpaka mtu uliyemchagua wewe apite ndani na bisibisi, akigongagonga milango yangu kutafuta mchwa.

Bi. Mbeke, nyumba hiyo niliijenga mwaka 2006. Msingi ulipotiwa dawa ya mchwa kabla ya slabu kumwagwa, nilikuwa nimesimama pale pale. Yalikuwa makopo sita. Niliyahesabu. Risiti ninayo hadi leo, imo ndani ya faili. Nilipoondoka mwaka juzi kuja kukaa kwa Nyawira, niliiacha nyumba safi. Nakupa neno langu: nyumba yangu haina mchwa. Kitengela na Kajiado, sijui mtu aliyewahi kunirudishia neno langu akisema halitoshi.

Hata hivyo mtu wako na aje, ili jambo hili liishe. Masharti ni matatu. Avue viatu sebuleni. Asitoboe dari. Na asikiguse kichuguu kilicho nyuma ya nyumba.

Wako,
Mwl. Peterson Kahiga (mstaafu)

&nbsp;

Namanga,
8 Septemba 2025

Mwalimu Kahiga,

Natumai hujambo huko Kajiado, wewe na Nyawira. Huku kwetu jua ni kali na vumbi la malori halituachi.

Naomba usione kwamba nimekudharau. Neno lako nimelisikia na ninaliheshimu. Lakini kazi yangu ni kupitisha mizigo hapa mpakani, mwaka wa kumi na moja sasa. Kila siku dereva ananiambia lori lake limebeba vitunguu. Ni mtu mzima, ana watoto, ameapa kwa jina la mama yake. Huwa nampa kiti, nampa chai, halafu naenda kufungua turubai. Si kwamba ni mwongo. Mara nyingi yeye mwenyewe hajui alichopakiliwa.

Niko na sababu nyingine. Nyumba ya baba yangu kule Kibwezi iliangushwa na mchwa sisi tukiwa ndani. Tulisikia sauti kama mtu anararua karatasi, kisha paa likakaa juu ya kabati. Kabati hilo ndilo lililotuokoa. Tangu siku hiyo mama hajapata kulala vizuri chini ya mbao. Nikimpeleka kwenye nyumba mpya ataniuliza swali moja tu, na sitaki kumjibu kwa neno la mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mwalimu. Nataka kumhamisha kabla ya Krismasi.

Mkaguzi anaitwa Katee. Ni mtu mtaratibu, haongei sana. Ataenda tarehe 16. Viatu atavua. Kuhusu kichuguu sijaelewa, lakini nimemwambia asikiguse.

Wako kwa heshima,
Mbeke Kyule

&nbsp;

Kitengela,
17 Septemba 2025

Kwa Bi. Mbeke Kyule
Nakala kwa Mwl. Kahiga

Jana nilikagua nyumba kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba. Niliyoyaona ni haya.

Sebule, vyumba vitatu vya kulala na baraza ni safi kabisa. Kusema kweli ni safi kuliko nyumba nyingi za umri huo nilizopitia, maana dawa ya msingi huisha nguvu kadiri miaka inavyokwenda. Sijui walitia dawa gani huko.

Jikoni na stoo hali ni nyingine. Fremu ya mlango wa nyuma ukiitazama ni nzima, imepakwa rangi vizuri, lakini bisibisi iliingia kama inaingia kwenye mkate. Nyuma ya kabati la vyombo kuna vijia vinne vya udongo vinavyopanda ukuta mpaka kwenye kenchi ya paa. Mbao mbili za kenchi zimeliwa ndani, limebaki ganda. Fremu ya mlango wa stoo si ya mwaka 2006. Ilibadilishwa, na sakafu chini yake imezibwa kwa saruji ya rangi tofauti. Kuna mtu aliwahi kutengeneza hapo.

Hatua sita kutoka ukuta wa jikoni kuna kichuguu kinachonizidi urefu. Kiko hai. Sikukigusa. Kimepaliliwa, na mawe yamepangwa kukizunguka kama kitalu cha maua ya thamani.

Ushauri wangu: udongo uchimbwe kando ya ukuta wa jikoni na utiwe dawa. Fremu mbili na mbao mbili za kenchi zibadilishwe. Kichuguu kichimbwe mpaka malkia apatikane. Hilo la mwisho lisipofanywa, hayo mengine ni kazi bure.

Viatu nilivua.

Katee

&nbsp;

Kajiado,
22 Septemba 2025

Bi. Mbeke,

Nimeisoma ripoti ya Bwana Katee mara tatu, nikitumaini kwamba mara ya tatu ingekuwa na maana zaidi kuliko ya kwanza.

Anasema nyumba yangu ni safi kuliko nyumba nyingi alizozipitia. Kisha anasema inaliwa. Achague moja. Anasema bisibisi iliingia kama inaingia kwenye mkate. Bisibisi ikisukumwa na kijana aliyekula akashiba itaingia popote. Mlango ule wa nyuma hupigwa na mvua ya kutoka upande wa machimbo ya mawe. Mbao zimelowa, basi. Huo ni unyevu. Ama vile vijia vya udongo, wako nyigu wanaojenga kwa udongo, na Bwana Katee angewajua kama angesoma elimu ya viumbe pamoja na elimu ya bisibisi.

Nimekupa neno langu na ninalirudia. Nitapaka rangi upya mlango wa nyuma kwa gharama yangu. Kichuguu hakitachimbwa. Hilo halijadiliwi.

Mwl. Peterson Kahiga (mstaafu)

&nbsp;

Namanga,
27 Septemba 2025

Mwalimu,

Nyigu hujenga vyumba. Hawajengi barabara za kupanda mpaka kwenye kenchi. Katee amenitumia picha, na mama yangu aliziona kwenye simu. Alikwenda kukaa nje.

Lakini swali langu leo si la nyigu. Ni la fremu ya stoo. Ulisema nyumba haina mchwa, na kwamba ulisimama pale dawa ikitiwa. Sasa ni nani aliyebadilisha fremu hiyo, na kwa nini? Na kichuguu, Mwalimu, nisaidie nielewe. Unachukia mchwa mpaka hutaki watajwe, halafu unawapangia mawe ya bustani.

Nimeonyeshwa nyumba nyingine huko Isinya. Si nzuri kama yako, choo kiko mbali na mama atateseka. Lakini sakafu yake imefunguliwa nikaona kilicho chini. Nitakungoja hadi tarehe 31 Oktoba. Usione kama natisha. Mama ameanza kufunga vyombo, na akianza huwa hafungui.

Mbeke Kyule

&nbsp;

Kajiado,
2 Oktoba 2025

Bi. Mbeke,

Uliniuliza kama nyumba ina mchwa. Hukuniuliza kama iliwahi kuwa nao. Hata hivyo nakiri kwamba jibu la namna hiyo nisingelikubali kutoka kwa mwanafunzi, kwa hiyo nalifuta.

Mwezi wa Aprili mwaka 2008, mchwa waliingia stoo. Walikula fremu, kisha sanduku lililokuwa na vyeti vyangu, na maandalio yangu ya masomo ya miaka ishirini. Niliponyanyua kifuniko nilikuta umbo la karatasi bila karatasi. Nilibadilisha fremu, nikaziba sakafu. Sikukueleza kwa sababu niliona aibu. Haikuwa aibu ya mchwa. Ilikuwa aibu ya kuibiwa na mtu niliyekuwa nikimtazama.

Mtu huyo ni Maundu, fundi aliyenijengea. Aliniachia makopo matupu, dawa akaiuza. Hakuna maelezo mengine. Nilimwandikia barua, hakujibu. Nikaiandikia kamati ya ujenzi ya kanisa letu, iliyokuwa karibu kumpa kazi ya ukumbi, na kazi hiyo hakupewa. Baadaye alihamia Gataka, huko Rongai. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na kwa hiyo lawama inajulikana ilipo.

Ama kichuguu, nitasema mara moja tu.

Marehemu mke wangu, Naliaka, alikuwa Mbukusu. Tulipokuwa tukitafuta kiwanja, mimi nilikagua vigingi vya mpaka na umbali wa barabara. Yeye alikiona kichuguu kile, akakaa chini kando yake, akasema tumefika. Kwao kichuguu hurithiwa kama ng'ombe, na ndugu wameshtakiana mbele ya wazee kwa sababu yake. Kila mvua za kwanza alikifunika kwa blanketi, akagonga vijiti viwili juu ya ubao ili wale walio ndani wadhani mvua inaendelea, na kumbikumbi wakatoka, akawakusanya kwa beseni. Mimi nilifunga madirisha nikasoma gazeti. Sisi wa Nyeri hatuli wadudu, na sijapata kuonja hata mmoja. Yeye hakunilazimisha. Alinipikia mboga zangu za kienyeji kwa njugu iliyopondwa, chakula ambacho tangu afariki hakuna mtu aliyekiweza, Nyawira akiwemo.

Siku tatu kabla ya kufariki aliniomba kichuguu kisivunjwe. Nilimpa neno langu.

Nitamwandikia Maundu atoe maelezo kwa maandishi, ili ijulikane kosa ni la nani.

Mwl. Peterson Kahiga (mstaafu)

&nbsp;

Namanga,
5 Oktoba 2025

Mwalimu,

Pole sana kwa kufiwa na mama Naliaka. Sikujua, na naomba radhi kwa nilivyoandika kuhusu mawe.

Lakini hata Maundu akiandika kitabu kizima, kenchi itabaki ilivyo. Mchwa hawaulizi kosa ni la nani. Mimi nauliza kitu kimoja tu, kama nitamlaza mama yangu chini ya paa hilo.

Tarehe ni ile ile.

Mbeke Kyule

&nbsp;

Kajiado,
6 Oktoba 2025

Kwa Bwana Maundu,
Gataka, Ongata Rongai.

Bwana Maundu,

Ni miaka kumi na saba tangu tuwasiliane, na sikuandikii kwa salamu. Anwani yako nimepewa na mzee mmoja wa kanisa, ambaye alinipa bila kupenda.

Ninauza nyumba uliyonijengea. Upande wa jikoni umeliwa na mchwa, na mnunuzi anakaribia kuniacha. Ninahitaji kutoka kwako mambo mawili, kwa maandishi na kwa saini: kwamba hukutia dawa upande wa jikoni, na mahali ulipoipeleka dawa hiyo. Sitakupeleka polisi wala kwa chifu. Sote wawili tumezeeka. Nataka karatasi tu.

Mwl. Peterson Kahiga (mstaafu)

&nbsp;

Gataka,
14 Oktoba 2025

Mwalimu,

Barua yako niliisoma, nikamsomea na mke wangu. Yeye alisema niichome. Mimi nimeonelea nijibu, kwa sababu mtu niliyekuwa namtunzia siri hayupo tena, na sitaki nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu iuzwe pamoja na jina baya.

Jambo la kwanza ni kweli. Upande wa jikoni sikutia dawa, hata tone. Hapo natia saini.

La pili ni refu kidogo. Mwalimu, siku hiyo wewe hukuwepo. Ulikuwa umeenda Nairobi kusahihisha mitihani, wiki mbili. Ulituachia maagizo kurasa nne na mama, mke wako, ndiye alikuwa anasimamia. Ulirudi Jumamosi ukakuta slabu imemwagwa. Ukahesabu makopo. Hayo makopo ndiyo uliyosimama nayo, si dawa.

Tulipokuwa tunanyunyiza alituletea chai na viazi vitamu. Akaniuliza dawa hii inafika wapi. Nikamwambia inafika mbali, hata kichuguu kile hakimalizi mwaka, na kama hakitakufa basi wadudu wake wasiliwe. Alingoja nikamaliza chai. Kisha akasema, "Maundu, upande wa jikoni uache."

Nikamwambia Mwalimu ataniua. Akacheka vile alivyokuwa anacheka. Akasema, "Mwalimu ataulizia risiti. Mpe risiti na makopo, atalala vizuri."

Sikuuza dawa. Yote iliyobaki niliitia sebuleni na vyumbani, mara mbili. Kama huko kwingine bado hakujaliwa, dawa yako ndiyo hiyo. Umelala juu yake miaka yote.

Mwaka ule uliposema nimeiba, mama alikuja kwangu siku hiyo hiyo akilia, anataka kwenda kukuambia. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, "Ukimwambia leo, kesho atakichimba." Na ungekichimba, Mwalimu, tuseme ukweli. Fundi akikosa kazi hapa anapata pale. Kichuguu kama kile hakipatikani pale. Tena mwanamume akienda kumwambia mwenzake kwamba mke wako ndiye alinituma, anabomoa nyumba kushinda mchwa. Ukumbi wa kanisa ulijengwa na mtu mwingine. Nikipita naona nyufa, nafurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Kila mwaka mvua ikianza alinitumia kopo la kumbikumbi. Sisi Wakamba pia tunawala. Mwaka wa 2021 kopo halikuja, ndipo nikajua anaumwa. Kwenye mazishi nilisimama nyuma ya matangi ya maji ili usinione.

Hayo ndiyo maandishi uliyotaka.

Maundu

&nbsp;

Namanga,
30 Oktoba 2025

Mwalimu,

Barua yako ya mwisho ilikuwa ya tarehe 2. Kesho ni tarehe 31 na sijasikia kitu. Nyawira nimempigia, ananiambia baba anaondoka asubuhi na anarudi jioni na matope kwenye suruali, na akiulizwa anasema yuko kazini. Katee naye nikimpigia ananiambia nimwulize Mwalimu.

Jana nilikuwa natoka Nairobi nikashuka Kitengela. Lango lilikuwa limefungwa. Mlinzi wa jirani aliniambia kwamba wazee wawili huja hapo, mmoja wa miwani na mwingine wa toroli. Siku ya kwanza, alisema, walikaa pande mbili za lango bila kusemezana mpaka adhuhuri. Halafu yule wa miwani akavuka na kiti chake. Siku ya pili walikuja na chai. Tangu hapo wanabishana kutwa nzima, na jirani ameomba wapunguze sauti.

Mimi sijui ninanunua nyumba au ninanunua kesi. Nimemwomba mwenye nyumba wa Isinya aniongezee siku kumi, akaniongezea akinuna. Mama analala kwenye godoro chini, vitanda amekwisha kufungua. Nijibu, hata mstari mmoja.

Mbeke Kyule

&nbsp;

Kajiado,
8 Novemba 2025

Bi. Mbeke,

Naomba radhi kwa kuchelewa. Ulitaka mstari mmoja. Hautoshi.

Nilikuambia kwamba nilisimama pale msingi ulipotiwa dawa. Sikusimama. Nilikuwa Nairobi nikisahihisha insha za watoto wa watu. Jambo hilo nimelisema kwa miaka kumi na tisa, na kila nilipolisema nilijiona nimesimama, hata viatu nilivyovaa naweza kukuelezea. Ulisema dereva mara nyingi hajui alichopakiliwa. Niliposoma sentensi hiyo mwezi wa Septemba niliiona ya utovu wa adabu.

Bwana Maundu hakuiba kitu. Mke wangu ndiye aliyemwambia asitie dawa upande wa jikoni, ili kichuguu chake kisife, na Maundu akabeba lawama yangu mpaka Gataka ili asimtaje. Nilimwendea. Mke wake alinifungulia mlango, akanitazama, akaufunga. Nilirudi siku ya pili. Barua yangu mpya kwa kanisa, ya kulisafisha jina lake, ilisomwa Jumapili tarehe 2, mbele ya wote, na yeye alikuwepo. Alipotoka nilimwuliza kama imetosha. Alisema ilikuwa ndefu mno.

Ama Naliaka, nilimkasirikia kwa majuma matatu. Ni kazi ngumu kumkasirikia mtu asiyejibu. Nilijitayarishia hoja zote, na kila nilipofika mwisho nilimsikia akisema mpe risiti na makopo.

Bwana Katee alitaka kuchimba tarehe 20 Oktoba. Maundu alikataa. Alisema tungoje mvua waruke kwanza, kwa kuwa wakiruka huenda kuanza vichuguu pengine, na hapo tutakuwa tumewapa nafasi ya kuhama. Mimi nilikuwa na neno nililompa marehemu na neno nililokupa wewe, na sikuwa nimeona njia ya kuyashika yote mawili mpaka fundi aliponionyesha. Ndiyo sababu ya kuchelewa. Tulikuwa tukingoja wingu, nasi tukibishana kuhusu kila kitu, kuanzia uchanganyaji wa saruji hadi Kitabu cha Ayubu.

Jumanne mvua ilianza saa nane, ikakatika saa kumi. Maundu alifunika kichuguu kwa blanketi, akaanza kugonga vijiti. Anagonga vibaya. Nilimwambia hivyo, akanipa vijiti. Mdundo ule nilikuwa nimeusikia kupitia madirisha niliyoyafunga mwenyewe, miaka kumi na mitano, na mikono yangu ikaujua. Walitoka kwa wingi. Wengi waliruka kuelekea machimbo ya mawe, wengine wakajaza beseni nusu.

Maundu aliwakaanga mle jikoni kwa chumvi, bila mafuta, akawapondaponda kwa mgongo wa kijiko. Akanipa kwenye kiganja. Niliona kwamba baada ya yote niliyomtendea, sina haki ya kukataa chakula chake. Nikatia mdomoni.

Bi. Mbeke, ladha ile niliijua kabla sijatafuna mara ya pili. Ni ile njugu. Hapakuwa na njugu. Hapakupata kuwa na njugu hata siku moja. Maundu aliniuliza kama nimeng'atwa. Nikamwambia, "Hawa nimewala miaka kumi na mitano." Akasema, "Najua, Mwalimu. Nilidhani na wewe unajua."

Alhamisi tulichimba. Bwana Katee alimpata malkia futi sita chini, mnene kama kidole gumba. Fremu mbili na mbao za kenchi zimebadilishwa. Jana ukuta wa jikoni ulichimbiwa ukatiwa dawa. Maundu ndiye aliyeitia. Sikusimamia. Nilikaa nje ya lango na gazeti, na makopo sikuyahesabu.

Kopo la kumbikumbi linaloambatana na barua hii ni la mama yako. Walitoka kabla ya dawa. Awaponde atie kwenye mboga.

Nilikuapia kwamba hakuna mchwa katika nyumba yangu. Walikuwa ukutani, na walikuwa mezani, na mimi nilikuwa nikiomba niongezwe. Kwa hiyo kuhusu nyumba hii usichukue tena neno langu. Njoo na Katee siku yoyote unayotaka. Dari toboeni. Viatu msivue. Fungueni turubai.

Wako,
Peterson Kahiga